Ufundi wa Kutorudia Hitimisho

Programu ya kawaida huandikwa hatua kwa hatua: fanya hili, kisha lile, na likitokea jambo fulani rudi pale. Programu ya kanuni ina namna yake. Mwandishi hutaja anachokijua, kila jambo kivyake: kama hili na hili ni kweli, basi na lile ni kweli. Hapangi zamu. Kanuni ya tatu haina habari kwamba kuna kanuni ya mia tatu, na ujuzi mpya ukipatikana huongezwa bila kubomoa uliotangulia. Ndiyo maana tangu miaka ya 1970 mtindo huu umewavutia watu waliotaka kuiwekea kompyuta ujuzi wa daktari au wa mhandisi. Mwenye ujuzi anaweza kuzisoma kanuni zake mwenyewe na kuonyesha ipi imekosewa.

Uhuru huo wa mwandishi hulipiwa na mashine. Kwa kuwa hakuna aliyepanga zamu, mashine lazima iulize, katika kila mzunguko, ni kanuni zipi ambazo masharti yake yametimia. Inazipitia kanuni, inazipitia taarifa, inalinganisha, inachagua kanuni moja na kuitekeleza. Taarifa mpya moja inazaliwa, na ulizo linaanza upya. Mashine isiyofundishwa vizuri itahitimisha leo ilichohitimisha jana, na kesho itakihitimisha tena, kila mara kwa bidii ileile na bila kupata jipya lolote. Kuna mafundi waliotumia miaka kuyapunguza marudio hayo pasipo kugusa hata jibu moja. Kazi yao haionekani kwenye skrini, na mtumiaji hana sababu ya kuwajua. Mimi naiona kuwa miongoni mwa kazi nzuri kabisa zilizopata kufanywa katika taaluma ya kompyuta, na ningependa tuitazame kwa utulivu, kipande kwa kipande.

Tuanze na nasaba. Tuna taarifa nne: Asha ni mzazi wa Bakari, Bakari ni mzazi wa Chausiku, Chausiku ni mzazi wa Daudi, Daudi ni mzazi wa Esha. Tuna kanuni mbili. Ya kwanza: kama X ni mzazi wa Y, basi Y ni mzao wa X. Ya pili: kama X ni mzazi wa Y, na Z ni mzao wa Y, basi Z ni mzao wa X. Hizo zinatosha. Mtu yeyote anayeujua ukoo wake atazikubali, na kompyuta ikizifuata hadi mwisho itapata taarifa 10 za uzao, kutoka Bakari mzao wa Asha mpaka Esha mzao wa Asha.

Mashine inayofuata kanuni kijinga hufanya hivi. Mzunguko wa kwanza inahitimisha taarifa 4: kila mtoto ni mzao wa mzazi wake. Mzunguko wa pili inaanza upya, inahitimisha zilezile 4, kisha inaongeza 3 za wajukuu. Wa tatu inahitimisha 9, ambazo mpya kati yake ni 2. Wa nne inahitimisha 10, mpya ikiwa 1. Wa tano inahitimisha tena zote 10, inaona hakuna jipya, inasimama. Jumla ni mahitimisho 40 ili kupata taarifa 10. Thelathini kati ya hayo ni marudio matupu.

Kwa watu watano hasara hiyo haimuumizi mtu. Sasa urefushe ukoo ufike vizazi 100 chini ya Asha, mtoto mmoja mmoja. Taarifa za uzao zitakuwa 5,050, na mashine ileile, kwa kanuni zilezile mbili, itafanya mahitimisho 343,400. Kila taarifa inalipiwa kwa wastani mara 68. Ukoo ukirefuka zaidi, wastani huo nao hupanda. Hapo ndipo mtu anaelewa kwa nini programu iliyopita majaribio yote asubuhi inaweza kukwama jioni, pale data halisi inapoingizwa, ingawa hakuna mstari hata mmoja uliokosewa.

Tiba yake ilipangwa vizuri katika miaka ya 1980 na watafiti wa hifadhidata, François Bancilhon akiwa mmoja wao, walipokuwa wakiichunguza lugha ya kanuni inayoitwa Datalog. Wazo lenyewe ni hili: hitimisho jipya haliwezi kupatikana katika mzunguko huu isipokuwa angalau sharti lake moja limetimizwa na taarifa iliyozaliwa katika mzunguko uliopita. Kama masharti yote yanatimizwa na taarifa za zamani, basi hitimisho hilo lilikwisha kupatikana zamani. Kwa hiyo usiipe kanuni ya pili taarifa zote za uzao. Ipe zile tu zilizozaliwa punde. Katika ukoo wetu wa watu watano mashine sasa inahitimisha 4, kisha 3, kisha 2, kisha 1, kisha haipati kitu, inasimama. Mahitimisho 10, taarifa 10. Katika ukoo wa vizazi 100, mahitimisho 5,050 kwa taarifa 5,050. Hakuna hata moja lililorudiwa.

Ukilisoma haraka utadhani ni jambo la kila mtu kuliona. Uhodari wake unajitokeza pale kanuni inapokuwa na masharti mawili yanayoweza kubadilika kwa pamoja. Tuiandike kanuni ya pili kwa namna nyingine: kama Y ni mzao wa X, na Z ni mzao wa Y, basi Z ni mzao wa X. Ni kweli tupu, na maana yake ni ileile. Lakini sasa taarifa mpya inaweza kuingia katika sharti la kwanza, au la pili, au yote mawili. Fundi mwenye pupa atasema, “Basi nichukue mpya kwa mpya.” Tazama kinachotokea. Baada ya mzunguko wa pili, taarifa mpya ni za babu na mjukuu. Ukiunganisha mpya kwa mpya unaruka kutoka kizazi cha pili hadi cha nne: unampata Esha kuwa mzao wa Asha, lakini Daudi kuwa mzao wa Asha humpati kamwe. Kizazi cha tatu kimepotea. Umebana matumizi na umeubana ukweli pamoja nayo.

Fundi mwingine, mwoga, atachukua mpya kwa zote, kisha zote kwa mpya. Huyu hapotezi kitu, ila kila muunganiko wa mpya kwa mpya ataufanya mara mbili. Njia iliyonyooka iko katikati: unganisha mpya na zote, kisha unganisha za zamani peke yake na mpya. Kila jozi inakutana mara moja, na hakuna jozi inayoachwa. Mstari huo mdogo, kutenganisha “zote” na “za zamani peke yake”, ndio unaotofautisha mfumo ulio sahihi na wenye kasi na ule ulio na kimoja tu kati ya hivyo viwili.

Hata hivyo mbinu hiyo haimwondolei mwandishi wa kanuni wajibu wake. Kwa kanuni hii ya pili kama tulivyoiandika upya, Esha anathibitika kuwa mzao wa Asha kwa njia tatu: kupitia Bakari, kupitia Chausiku na kupitia Daudi. Kila njia ni sababu tofauti, hivyo mashine haina haki ya kuiita marudio kabla ya kufika mwisho wake na kukuta jibu lilikwisha kuandikwa. Katika ukoo wa vizazi 100, kanuni iliyoandikwa hivi hufanya mahitimisho 166,650 kupata kile ambacho ile ya mwanzo, inayoshika mzazi kwa mkono mmoja na mzao kwa mwingine, hukipata kwa 4,950, ukiacha yale ya kanuni ya kwanza. Kwa upande mwingine, ile yenye mahitimisho mengi humaliza kwa mizunguko 8 badala ya 100, kwa kuwa kila mzunguko huongeza maradufu umbali unaofikiwa. Anayelipia kila mzunguko kwa gharama kubwa, kwa mfano pale kazi imegawanywa kwenye mashine nyingi zinazosubiriana, anaweza kuichagua kwa makusudi. Sentensi mbili zenye maana moja zina gharama mbili tofauti, na kazi ya fundi ni kuzijua zote mbili kabla ya kuchagua.

Datalog inaanza na taarifa zilizotulia na kuzijaza hadi mwisho. Kuna mifumo mingine ambamo taarifa huingia na kutoka wakati wote, na hapo tunakutana na kazi ninayoistahi kuliko zote. Mwaka 1979 Charles Forgy alikamilisha tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, Marekani. Mwaka 1982 aliichapisha mbinu yake katika jarida la Artificial Intelligence, na mbinu hiyo inajulikana kwa jina la Rete. Tatizo alilolikabili lilikuwa wazi kwa kila aliyejaribu mifumo ya kanuni siku zile: baadhi yake ilitumia zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za muda wake kulinganisha masharti na taarifa. Kutekeleza kanuni iliyochaguliwa kulipata makombo ya muda.

Forgy alijenga juu ya mambo mawili aliyoyaona. La kwanza: taarifa hubadilika polepole. Kanuni moja ikitekelezwa huongeza au huondoa taarifa chache tu, na mamia mengine hubaki yalivyo. Muuza duka akiuza kiberiti kimoja hahesabu upya unga, sukari na mafuta. Anakata kimoja kwenye daftari, basi. La pili: kanuni zinafanana. Katika programu ya kanuni mia, kumi zinaweza kuanza na masharti mawili yaleyale, na hakuna sababu ya kuyapima mara kumi.

Akageuza mwelekeo wa kazi. Badala ya kanuni kwenda kuzitafuta taarifa, taarifa ndizo zinazosafiri kuelekea kwenye kanuni. Kabla programu haijaanza, kanuni zote huchambuliwa na kufumwa kuwa mtandao mmoja wa vituo. Taarifa mpya ikizaliwa, huingizwa mlangoni kama ujumbe wenye alama ya kujumlisha. Vituo vya kwanza huuliza maswali yanayoihusu taarifa yenyewe peke yake: ni ya aina gani, ina thamani gani. Ikipita, huwekwa katika kumbukumbu inayoitwa ya alfa. Kisha hufika kwenye vituo vya kuunganisha, ambako taarifa kutoka upande mmoja huulizwa kama inaafikiana na zilizokwisha kuhifadhiwa upande wa pili. Muungano uliofaulu huhifadhiwa katika kumbukumbu ya beta na kupelekwa mbele. Ujumbe ukifika mwisho wa mtandao, maana yake kuna kanuni ambayo masharti yake yote yametimia, na kanuni hiyo huandikwa kwenye orodha ya zilizo tayari.

Taarifa ikifutwa, hupita njia ileile ikiwa na alama ya kutoa, na kila mahali ilipoacha alama yake, alama huondolewa. Hapo ndipo ninapouona ukamilifu wa mpango huu: kuongeza na kuondoa ni mwendo mmoja, wenye ishara mbili. Na kanuni kumi zenye mwanzo mmoja hupita katika vituo vilevile hadi mahali zinapoachana. Swali lililojibiwa kwa ajili ya moja limejibiwa kwa ajili ya zote.

Kazi hiyo haikubaki kwenye karatasi. John McDermott, naye wa Carnegie Mellon, aliandika programu iitwayo R1, ambayo baadaye ilijulikana pia kama XCON, kwa ajili ya kampuni ya Digital Equipment Corporation. Mteja alipoagiza kompyuta ya VAX-11/780, orodha yake ya vipuri ilipaswa kukaguliwa: kuna kinachokosekana? Kila kadi iwekwe kabati gani, nafasi gani, iunganishwe kwa waya upi? R1 ilifanya kazi hiyo kwa kanuni zilizoandikwa katika familia ya lugha za OPS, ambazo mjenzi wake mkuu alikuwa Forgy mwenyewe. McDermott alipoieleza mwaka 1982 ilikuwa na kanuni 772, na iliendelea kukua hadi maelfu. Jambo la kutazama kwa makini ni kwamba R1 haikuwa ikibahatisha na kurudi nyuma. Kwa sehemu kubwa ilisonga mbele tu, kanuni ikifuata kanuni, kwa sababu katika kila hatua taarifa zilizopo zilitosha kuonyesha linalofuata. Kwa programu ya namna hiyo, kulinganisha ndiko kufikiri. Kasi ya kulinganisha ndiyo iliyoamua kama programu ingefaa kiwandani.

Lakini mtandao wa Forgy unashughulikia marudio ya kulinganisha tu. Yapo pia marudio ya kutekeleza. Kanuni ikishatekelezwa kwa taarifa fulani, masharti yake bado ni kweli. Nini kinaizuia isitekelezwe tena, na tena, mpaka umeme ukatike? Katika OPS5, mojawapo ya lugha za familia ya OPS, kila taarifa hupewa namba ya wakati inapozaliwa, na kanuni iliyotekelezwa kwa mkusanyiko fulani wa namba haitekelezwi tena kwa mkusanyiko huohuo. Sheria hiyo ndogo hukata mzizi wa marudio mengi bila mwandishi kuandika neno.

Hata hivyo sheria hiyo ina upenyo, na kila anayejifunza mifumo hii hufika hapo. Katika OPS5 kubadilisha taarifa ni kuifuta na kuizaa upya, na iliyozaliwa upya hupata namba mpya. Kanuni isemayo “kama kuna kadi, basi andika kwenye kadi kwamba imekaguliwa” inaibadilisha taarifa ileile inayoitazama. Namba ni mpya, kwa hiyo mkusanyiko ni mpya, kwa hiyo kanuni iko tayari tena. Itaandika kwamba kadi imekaguliwa, milele. Dawa iko katika kuikamilisha sentensi: kama kuna kadi ambayo haijakaguliwa, basi andika kwamba imekaguliwa. Kanuni nzuri hujifunga yenyewe; tendo lake hulifanya sharti lake lisiwe kweli tena. Mifumo ya baadaye iliongeza msaada wake. Drools, inayotumika sana katika ulimwengu wa Java, humruhusu mwandishi kuitangaza kanuni kuwa isijiamshe kwa tendo lake mwenyewe, na inaweza kuiamsha kanuni pale tu sifa inayotajwa katika masharti yake inapobadilika. Msaada huo ni mzuri. Hata hivyo sentensi iliyokamilika bado ni bora, kwa kuwa anayeisoma anaona palepale ni lini kazi inakwisha.

Kutoka hapo tunaingia katika sehemu ya ufundi ambayo mara nyingi huachiwa mwandishi: mpangilio wa masharti. Kwa mantiki, “A na B” ni sawa na “B na A”. Kwa mtandao, si sawa hata kidogo. Tuseme kuna kadi 40 na nafasi 60, na kanuni inasema: kama kuna kadi, na kuna nafasi, na kadi hiyo imeruhusiwa katika nafasi hiyo, basi iweke. Masharti mawili ya kwanza hayana kinachoyafunga pamoja. Kituo cha kuunganisha kitaiwekea kila kadi kila nafasi na kuhifadhi jozi 2,400 kabla ya kuuliza swali la tatu. Tanguliza ruhusa: kama kadi fulani imeruhusiwa katika nafasi fulani, na kadi hiyo ipo, na nafasi hiyo i wazi. Kama ruhusa ziko 50, mtandao haubebi zaidi ya miungano 50 kwa kila hatua. Kanuni ni ileile, majibu ni yaleyale, na jozi zaidi ya 2,300 ambazo zingehifadhiwa bure hazikuzaliwa.

Kwa sababu hiyo wafundishaji wa CLIPS, mfumo uliozaliwa mwaka 1985 katika kituo cha NASA cha Johnson, Houston, hutoa nasaha mbili. Tanguliza sharti lenye kutimizwa na taarifa chache. Weka mwisho sharti linalotazama taarifa inayobadilika mara kwa mara, ili badiliko lake lisilazimishe miungano yote iliyoko mbele yake kujengwa upya. Nasaha zote mbili ni za kweli, na mara nyingi hupingana. Taarifa inayosema “sasa tuko hatua ya kupanga kadi” ni moja tu, kwa hiyo inastahili kutangulia. Tena ni taarifa inayobadilika kila hatua mpya inapoanza, kwa hiyo inastahili kuwa mwisho. R1 iliitanguliza: kanuni zilipangwa kwa hatua za kazi, na sharti la kwanza lilitaja hatua inayoendelea. Ikiwekwa mwanzo, kanuni za hatua nyingine hazibebi muungano wowote, ila hatua ikianza lazima zijengwe kwa mkupuo. Ikiwekwa mwisho, zinabeba miungano yao wakati wote, lakini ziko tayari papo hapo. Hakuna kitabu kitakachomwambia mwandishi achague ipi. Lazima aijue kazi yenyewe: hatua hubadilika mara ngapi, na taarifa za chini yake hubadilika mara ngapi.

Hapo tunafika kwenye swali gumu zaidi, ambalo watu wa fani hii hawakulikwepa. Kukumbuka nako kuna gharama. Kila muungano uliohifadhiwa unakalia nafasi, na taarifa yake ikifutwa lazima utafutwe na kuondolewa. Daniel Miranker wa Chuo Kikuu cha Columbia alilichukua swali hilo kwa ujasiri, na mwaka 1987 akawasilisha mbinu aliyoiita TREAT. Huhifadhi kumbukumbu za alfa na orodha ya kanuni zilizo tayari, lakini kumbukumbu za beta huziacha kabisa. Miungano ya katikati huhesabiwa upya inapohitajika. Taarifa ikifutwa, TREAT huondoa kwenye orodha kanuni zilizoitegemea, na kwa kanuni ya kawaida kazi imekwisha. Kwa hiyo katika programu ambamo taarifa hufutwa mara nyingi, kurudia hesabu kunaweza kuwa rahisi kuliko kutunza matokeo yake. Mjadala uliofuata, wa Rete au TREAT, haukumalizika kwa ushindi wa upande mmoja, kwa sababu kila upande una aina ya kazi inayoufaa. Namheshimu sana mtu anayeweza kutazama jambo ambalo kila mmoja analiita upotevu, akalipima, na kusema kwamba hapa upotevu huu ni nafuu.

Miaka minane baadaye, mwaka 1995, Robert Doorenbos wa Carnegie Mellon alikamilisha tasnifu iliyoisukuma Rete mbali kuliko ilivyodhaniwa kuwa inaweza kufika. Alikuwa akishughulikia Soar, mfumo unaojifunza kwa kujiandikia kanuni mpya, na kanuni hizo zilipita 100,000. Kwa wingi huo hata mtandao mzuri huelemewa, na Doorenbos aliona sehemu kubwa ya mzigo inatoka wapi. Vituo vingi vya kuunganisha vilikuwa vikipokea ujumbe upande mmoja huku upande wa pili ukiwa mtupu. Muungano hauwezekani, lakini kituo kinaamshwa, kinatazama, hakikuti kitu, kinalala. Kazi hiyo ni ndogo sana kwa kituo kimoja, na ni kubwa sana kwa vituo laki moja.

Suluhisho lake ni kukikata kituo kutoka kwenye orodha ya wapokeaji: kama upande wa kulia ni mtupu, usikiletee habari za kushoto, na kinyume chake. Kisha unakuja mtego. Pande zote mbili zikiwa tupu, ukikata kote kuwili, kituo hakitaamka tena daima, hata pande zote zikijaa. Kwa hiyo lazima kibaki kwenye orodha ya walau upande mmoja, na upande huo ukipata taarifa ya kwanza, ndipo kirudishwe kwenye orodha ya upande wa pili. Mtego huu unafanana na ule wa mpya na za zamani katika Datalog. Kila unapoondoa kazi isiyo na faida, kuna ukingo mwembamba ambao ukiuvuka unaanza kuondoa majibu. Fundi wa kweli hujulikana kwa namna anavyoutembelea ukingo huo.

Mpaka hapa tumezungumzia mahitimisho yanayorudiwa. Yapo pia yasiyorudiwa, ambayo ni mapya na ya kweli, lakini hakuna aliyeyauliza. Mtu anataka kujua Esha ni mzao wa nani. Mashine inayojaza nasaba yote itamletea taarifa 10 ili amtolee 4; katika ukoo wa vizazi 100 itatafuta 5,050 kwa ajili ya 100. Mwaka 1986 Bancilhon, pamoja na David Maier, Yehoshua Sagiv na Jeffrey Ullman, walieleza njia ya kuziandika kanuni upya ili swali lenyewe liwe sharti. Kila kanuni huongezewa mwanzoni sharti linalouliza: kuna anayelihitaji hitimisho hili? Uhitaji nao huwa taarifa inayosambaa kwa kanuni zake, kutoka kwenye swali kuelekea kwenye taarifa za msingi. Mashine bado inasonga mbele kutoka taarifa hadi hitimisho, lakini sasa inapita njia za muulizaji tu. Katika mfano wetu inahitimisha 4, na zote 4 ni jibu.

Ukizitazama mbinu hizi zote pamoja, utaona zina adabu moja. Hakuna inayobadilisha maana ya kanuni. Aliyeandika kwamba mzao wa mtoto wangu ni mzao wangu hakulazimika kujua habari za alfa na beta, wala za mpya na za zamani. Sentensi yake imeachwa jinsi alivyoisema, na sehemu kubwa ya kazi ya kubana matumizi imefanyika chini yake. Ni heshima kubwa kwa mwenye ujuzi: anaruhusiwa kusema anachokijua kwa lugha ya ujuzi wake, na fundi anabeba mzigo wa kuifanya kauli hiyo itekelezeke.

Anayetaka kujifunza ufundi huu hana haja ya kompyuta kubwa wala ya kulipa. CLIPS hupatikana bure, pamoja na msimbo wake wote ulioandikwa kwa lugha ya C, na hukaa vizuri kwenye kompyuta ya kawaida. Andika kanuni zako, ingiza taarifa, kisha kabla ya kuendesha programu toa amri ya matches ukitaja jina la kanuni moja. Itakuonyesha taarifa zilizotimiza kila sharti, na miungano ya nusu inayosubiri masharti yaliyobaki. Badilisha mpangilio wa masharti, toa amri ileile, ulinganishe. Mtu akifanya hivyo kwa kanuni zake mwenyewe, na akaweza kueleza kwa nini orodha moja ni fupi na nyingine ni ndefu ilhali majibu hayakubadilika, amekwisha kuingia katika ufundi huu.